Mlima umejificha wiki sita. Je, nisimamishe mradi wangu wa picha?

SWALI: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na nafundisha huko huko. Januari nilijiwekea ahadi ya kupiga picha moja kila Jumapili asubuhi, ya hali ya hewa na mazingira ya kwetu, mpaka mwaka uishe. Natumia simu. Januari na Februari nilifurahi sana, mlima ulionekana karibu kila siku. Masika nilihangaika lakini nikaendelea. Sasa ni Julai, wiki ya sita sijauona mlima hata mara moja. Picha zinatoka nyeusi chini na nyeupe juu, na zote zinafanana. Jumapili tatu sikupiga kabisa. Kaka yangu anasema simu ndiyo tatizo, ninunue kamera. Ameniletea ile ya marehemu baba, lakini ndani ya lenzi kuna kitu kama utando wa buibui, nimeiweka kwenye mchele. Zile Jumapili tatu nafikiria kuzijaza kwa picha za zamani. Naomba ushauri: niendelee, au nisubiri mlima utoke?"

JIBU: Mwalimu, kabla hujaendelea kusoma, nenda kaitoe hiyo kamera kwenye mchele. Nitarudi kwenye lenzi huko mwisho.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema tatizo ni mlima, kaka yako anasema ni simu. Mimi naona jambo jingine. Ulijiahidi kupiga picha za hali ya hewa na mazingira. Mahali fulani kati ya Januari na sasa, bila mwenyewe kujua, ahadi ikageuka ikawa ya kupiga picha za Kibo, kilele cha mlima. Januari hukuona tofauti, maana ukitoka nje asubuhi mlima upo na hali ya hewa ipo. Julai vitu hivyo viwili vimeachana, na wewe umebaki unamngojea yule aliyeondoka wakati mwenyeji wako halisi amesimama mlangoni. Wiki sita za kijivu ni hali ya hewa. Pengine ndiyo hali ya hewa yetu kuliko zile asubuhi za bluu zinazochapwa kwenye kalenda.

Sikulaumu. Mwaka wangu wa kwanza wa kupiga picha hapa Moshi nilifuta zote za Juni na Julai kwa hasira, kadi ilikuwa ndogo nikaona zinanijazia nafasi. Hizo ndizo ninazozijutia leo. Za Januari ninazo nyingi, na ukinionyesha mbili siwezi kukuambia ipi ni ya mwaka gani.

Tuanze na kwa nini Julai iko hivi, kwa sababu ukielewa kinachotokea juu ya kichwa chako utaacha kukikasirikia. Miezi hii upepo unatoka kusini mashariki, kwenye Bahari ya Hindi. Watu wa pwani wanauita kusi na wanaujua kwa majahazi. Kwetu haufiki na jahazi, unafika na unyevu. Ukiikuta miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, yaani Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu, hauna pa kupita isipokuwa kupanda. Hewa inayopanda inapoa, na ikipoa vya kutosha mvuke wake unageuka matone madogo sana. Hayo ndiyo mawingu. Juu zaidi kuna tabaka la hewa yenye joto kuliko iliyo chini yake, linakaa kama mfuniko wa sufuria, kwa hiyo mawingu hayawezi kuendelea kupanda. Yanatandazika. Ndiyo maana wapagazi wanashuka kutoka Shira, juu ya mawingu, nyuso zimebabuka kwa jua wakati wewe uko darasani na sweta. Mlima upo palepale juani. Ni wewe uliyelala chini ya blanketi.

Mawingu ya Januari ni ya namna nyingine. Asubuhi anga ni safi, jua linapasha miteremko joto, hewa ya mabondeni inaanza kupanda, na ikifika saa nne hivi mlima umeshavaa kofia. Kutokana na hilo watu wakajiwekea kanuni kwamba ukitaka mlima uamke alfajiri. Ni kanuni nzuri kwa Januari. Julai inakudanganya, kwa sababu blanketi la kusi mara nyingi ni zito zaidi asubuhi, na likipasuka hupasuka alasiri au karibu na magharibi. Umekuwa ukitoka kila Jumapili asubuhi, saa ambayo msimu huu ina nafasi ndogo kuliko zote. Kabla ya kuamua kwamba mlima umekukimbia, jaribu saa kumi na moja jioni kwa Jumapili mbili.

Hata hivyo, usitarajie picha ya Januari. Ukiwa Uru au Moshi mjini, Kibo iko kaskazini kwako. Desemba na Januari jua linachomoza kusini mashariki, kwa hiyo mwanga wa asubuhi unaupiga uso wa mlima tunaouona sisi. Juni na Julai linachomoza kaskazini mashariki na linabaki upande wa kaskazini siku nzima. Uso huo huo unakuwa nusu kivulini. Nimewaona wapiga picha wageni wakibadilisha kamera na vichujio kutafuta mwanga ambao jua lenyewe limeupeleka Rongai, upande wa kaskazini wa mlima.

Sasa simu. Kaka yako hajakosea kabisa, ila ameitaja sababu isiyo yake. Hiyo nyeusi chini na nyeupe juu si udhaifu wa simu, kamera ya bei yoyote ingefanya vilevile usipoiongoza. Simu inachukua mwanga wote uliomo kwenye picha na kutafuta wastani, kisha inauchukulia wastani huo kuwa kijivu cha katikati. Ukiielekeza kwenye anga la Julai, jeupe kama karatasi ya mtihani, inadhani mwanga umezidi na inaupunguza. Anga linapata nafuu kidogo, migomba inageuka mkaa. Kwa hiyo iamulie wewe. Gusa skrini pale penye migomba, shikilia kidole mpaka ikuonyeshe kwamba imefunga mwanga, kisha usogeze kile kijijua kidogo mpaka majani yaonekane kama unavyoyaona kwa macho. Kwenye ukungu pandisha mwanga kidogo, kwa sababu ukungu ni mweupe na simu itataka kuufanya wa kijivu. Na futa kioo chake kwa kitambaa laini kabla ya kupiga. Nusu ya picha za "ukungu" ninazoletewa ni mafuta ya vidole.

Dawa nyingine ni rahisi zaidi: punguza anga. Anga la Julai halina habari nyingi, lipe ukanda mwembamba juu ya picha au uliondoe kabisa. Tazama chini. Wingu zima linafanya kazi ya pazia jeupe kwenye dirisha la studio, linatawanya mwanga hadi vivuli vikali vinatoweka. Saa sita ya Januari, jani la mgomba upande mmoja linang'aa kama bati na upande wa pili ni giza. Leo jani hilo hilo linaonyesha kila mshipa na kila tone. Matunda ya kahawa yanayoanza kuwiva, kuvu kwenye gogo, maji ya mfongo (mfereji wetu wa kumwagilia) yakipita kwenye mawe, utando wa buibui uliolowa umande kwenye masale, ile mimea ya mpakani: vyote hivi vinataka mwanga wa kijivu. Maporomoko ya Materuni yako huko huko Uru kwenu. Siku ya jua kali yale maji meupe yanaungua kwenye picha na msitu unakuwa shimo jeusi. Nenda siku ambayo watalii wananung'unika.

Sasa nikuambie jambo ambalo ningelianza nalo kama ningekuwa wewe. Chagua mahali pamoja. Kona ya kihamba (shamba la nyumbani), ukingo wa uwanja wa shule, daraja la mfongo, popote unapoweza kufika kila Jumapili bila nauli. Weka alama ya kusimama, hata jiwe. Piga kutoka hapo hapo, kimo kile kile, upande ule ule, iwe mlima upo au haupo, bila kujiuliza kama inapendeza. Hiyo ni picha ya kwanza. Ya pili ni huru, ifuate macho yako. Unasema picha zako zote zinafanana. Nadhani zinafanana kwa sababu kila wiki umetafuta kitu kile kile mahali tofauti. Ukigeuza, mahali pawe pale pale na kitu kiwe chochote kitakachojitokeza, utaona ajabu: picha ya Julai ukiilaza kando ya ile ya Machi, ukungu wenyewe ndio unaokuwa habari.

Thamani ya picha ya aina hiyo ninyi wenyeji wa mlima mnaijua, hata kama hamjaiita hivyo. Kwa vipimo vya mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 11.4 hivi. Mwaka 2011 zilibaki 1.76. Tunaweza kulitaja pengo hilo kwa sababu kuna watu waliorekodi kitu kile kile katika nyakati tofauti, pamoja na siku ambazo hakukuwa na lolote la kusisimua. Nikiwa hapo, niseme na hili ambalo hata walimu wenzako huwa wanalifundisha kinyume: mito yetu hailishwi hasa na hiyo barafu. Inalishwa na mvua ya ukanda wa msitu, ambako upande huu wa kusini hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Wingu unalolilaumu ndilo maji ya mfongo wako.

Kando ya picha weka daftari. Tarehe, saa, upepo, na neno moja la hali ya hewa: ukungu, manyunyu, rasharasha, mvua ya mawe. Ukipenda kupima mvua, chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke peupe mbali na miti, kila asubuhi saa ile ile uchovye rula. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Wanafunzi wa darasa la tano wataligombania kopo hilo.

Kijivu kikikuchosha kabisa, shuka. Kila mita 1,000 unazoshuka, joto linaongezeka nyuzi sita hivi. Kutoka Uru, kupita Rau na mjini, hadi kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, unateremka zaidi ya mita mia sita kwa daladala mbili, na unaweza kuondoka kwenye manyunyu ukashukia kwenye vumbi. Safari moja ya namna hiyo, picha tatu kutoka vituo vitatu, inaeleza hali ya hewa ya Kilimanjaro kuliko picha thelathini za kilele.

Miezi iliyobaki itakulipa. Oktoba mijakaranda itachanua mjini. Vuli ikianza, kumbikumbi wataruka jioni, na kahawa iliyokuwa imekaa na kiu itachanua siku nane hadi kumi hivi baada ya mvua nzuri. Maua yake hayadumu zaidi ya siku mbili au tatu, kwa hiyo hesabu siku tangu mvua na usisubiri Jumapili. Upinde wa mvua nao una saa zake. Hutokea upande uliopingana na jua, na jua likipanda zaidi ya nyuzi 42 huwezi kuuona angani ukiwa umesimama ardhini. Kwetu hiyo ni sawa na kusema kabla ya saa tatu na robo asubuhi ukitazama magharibi, au baada ya saa kumi jioni ukitazama mashariki. Mchana wa saa saba usihangaike.

Jumapili tatu ulizozikosa ziache wazi. Najua inauma, mwalimu hapendi kuona rejista yenye mapengo. Lakini ukiweka picha ya Februari mahali pa Juni, mradi mzima unapoteza kauli yake, na wewe mwenyewe mwakani hutakumbuka ipi ni ya kweli. Andika kwenye daftari: "Sikupiga. Nilikata tamaa, kulikuwa na wingu." Hiyo nayo ni rekodi ya hali ya hewa.

Kuhusu kununua kamera, nitasema pande zote mbili. Kamera yenye lenzi ya kuvuta inaleta kweli kilele kilicho mbali kilomita thelathini, wakati simu yako inakifanya kichuguu, na ukivuta kwa vidole kwenye skrini simu nyingi zinakata tu picha na kuikuza. Kama moyo wako uko kwa ndege, basi kaka yako ana haki, simu haitakutosha. Kwa majani, ukungu, mfongo na mahali pako pa kila Jumapili, inatosha, tena iko mfukoni mvua inapokushtukiza njiani. Ningekuwa wewe ningemaliza mwaka na simu. Desemba utazame picha zako za huru na ujiulize ni zipi ulizishindwa kwa sababu ya kifaa. Kama ni nyingi, nunua, na ukinunua iliyotumika usinunue kwa picha za mtandaoni. Ishike, umulike lenzi kwa tochi kutoka nyuma, upige nayo picha kumi hapo hapo dukani.

Kitu ambacho hujauliza lakini nakihofia: picha zako ziko wapi? Kama jibu ni kwenye grupu la WhatsApp la familia, hazipo salama. Picha ikitumwa huko kwa njia ya kawaida inabanwa, na tarehe na saa iliyopigwa vinaondolewa. Nakili picha asili kwenye flashi na kwenye kompyuta, sehemu mbili tofauti, mara moja kwa mwezi. Na wanafunzi wakiingia kwenye picha za uwanja wa shule, usizipeleke popote kabla wazazi hawajakubali.

Kuna siku za kubaki ndani. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo ifike. Kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Zikiwa chini ya sekunde thelathini, rudi nyumbani, na usijikinge chini ya mti mrefu. Masika usisimame kwenye mawe katikati ya mto Karanga au Weruweru kwa sababu tu kwako hakunyeshi. Mvua inaweza kuwa imeshuka msituni saa moja iliyopita na maji yako njiani. Ukitaka kupanda kuingia ndani ya mipaka ya hifadhi, pitia kwanza ofisi za KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, uulize taratibu na ada, hasa kama unafikiria kuziuza picha. Droni usirushe bila kibali, hata ya kuazimwa.

Sasa lenzi ya baba. Huo utando ni kuvu. Unaota ndani ya vioo kamera ikikaa miaka kwenye mkoba wa ngozi, gizani, kwenye nyumba yenye unyevu, na nyumba zetu za mlimani mwezi kama huu zina unyevu wa kutosha. Mchele hauui kuvu na haukaushi kitu cha maana, unaongeza vumbi la wanga kwenye maungio ya lenzi. Usiifungue mwenyewe, usiianike ikitazama jua, na usiihifadhi mkoba mmoja na lenzi nyingine. Iweke mezani penye hewa na mwanga, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, halafu uipeleke kwa fundi wa kamera, Moshi au Arusha, umwone ana kwa ana. Hili si la kupigiana simu, lazima aimulike mbele yako. Mwulize mambo mawili kabla hajaigusa: kusafisha ni shilingi ngapi, na je, kuvu imeshakula tabaka lililopakwa juu ya kioo? Ikiwa iko juu juu, lipa, itarudi. Ikiwa imeshachimba, kioo hakirudi kuwa kilivyokuwa hata akisafisha vipi, kwa hiyo usitoe hela. Mwombe akague mwili wa kamera peke yake, maana huo mara nyingi huwa mzima na utakubali lenzi nyingine iliyotumika. Nenda siku ya kazi, Jumapili uwe pale kwenye jiwe lako.